Vifo Vilipungua, Pengo Likabaki: Historia ya Uzazi wa Wanawake Weusi Marekani

Tangu Marekani ilipoanza kukusanya takwimu za vizazi na vifo kwa utaratibu mmoja, mwaka 1915, haujapita mwaka ambao mwanamke mweusi alikwenda kujifungua akiwa na matumaini ya kurudi nyumbani salama sawasawa na mwanamke mweupe. Mwaka huo wa kwanza, kwa kila vizazi hai 100,000, walifariki wanawake weupe wapatao 601. Kwa wasio weupe, ambao wengi wao walikuwa weusi, walifariki 1,056. Hesabu yenyewe ilikuwa na kasoro, kwa sababu ilihusu majimbo kumi tu pamoja na mji mkuu, Washington, wakati weusi wengi waliishi majimbo ya Kusini ambayo hayakuwemo. Hata hivyo inatosha kuonyesha jambo moja: wakati huo hatari ya mwanamke mweusi haikufika mara mbili ya ile ya mwenzake. Karne moja baadaye, vifo vikiwa vimepungua mno kwa wote wawili, hatari hiyo imezidi mara tatu. Dawa zimekuja, hospitali zimejengwa, na kila kilichokuja kilimfikia mweupe kwanza.

Mizizi ya hali hiyo imo katika sheria za utumwa. Mwaka 1662 baraza la kutunga sheria la koloni la Virginia liliamua kwamba mtoto atafuata hadhi ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto naye ni mtumwa, hata baba akiwa ndiye bwana shamba. Ilikuwa kinyume cha desturi ya pwani ya Afrika Mashariki, ambako kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria, bwana akishamkubali kuwa ni wake, alizaliwa huru. Kwa sheria ya Virginia kila mimba ya mjakazi ilikuwa nyongeza ya mali. Uzito wake ulionekana zaidi baada ya mwaka 1808, Marekani ilipopiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje. Kuanzia hapo idadi yao iliongezeka hasa kwa kuzaliana. Mwaka 1810 walikuwa takriban milioni 1.2; mwaka 1860 walikaribia milioni nne.

Kwa hiyo mabwana walijali uzazi wa wajakazi wao, lakini kwa namna mfugaji anavyojali mifugo yake. Mjamzito aliendelea kuchuma pamba hadi siku za mwisho, na baada ya kujifungua alirudishwa shambani mapema. Aliyemzalisha kwa kawaida alikuwa mkunga mtumwa, mama mtu mzima aliyejifunza kazi kwa waliomtangulia, na mara nyingi huyo huyo ndiye aliyeitwa kwenye nyumba kubwa kumzalisha mke wa bwana. Daktari aliitwa mambo yalipoharibika, na aliitwa na mwenye mali. Makubaliano yalikuwa kati ya wanaume hao wawili.

Katika mazingira hayo ndipo alipojipatia jina J. Marion Sims, daktari wa Montgomery, Alabama. Kati ya mwaka 1845 na 1849 aliwaweka wanawake watumwa katika kijihospitali alichokijenga uani kwake, akijaribu kutibu fistula ya uzazi. Ugonjwa huo si mgeni Afrika Mashariki. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imewatibu wanawake wengi wenye fistula. Hutokea pale uchungu unapokaa siku kadhaa bila mtoto kutoka. Kichwa chake hubana nyama laini kati ya uke na kibofu mpaka zinakufa na kutoboka, na mama hubaki akivuja mkojo usiku na mchana. Majina ya wagonjwa watatu yanajulikana kwa kuwa Sims mwenyewe aliyaandika: Anarcha, Betsey na Lucy. Sims aliwalisha kwa gharama yake, mabwana wakaendelea kuwalipia kodi na kuwavisha. Wao wenyewe hawakuwa na nafasi ya kukataa.

Walipasuliwa bila nusukaputi. Ni kweli kwamba etha ilionyeshwa hadharani huko Boston mwezi Oktoba 1846, majaribio yakiwa yameshaanza. Lakini Sims hakuitumia hata baada ya hapo, akishikilia kwamba maumivu ya upasuaji huo hayakuwa makali kiasi cha kuhitaji dawa hiyo, ingawa kumbukumbu zake mwenyewe zinaeleza jinsi Lucy alivyoteseka. Anarcha, msichana wa miaka kama 17, alipasuliwa takriban mara 30. Madaktari wasaidizi walipochoka na kuondoka, wagonjwa wenyewe ndio waliojifunza kazi ya wasaidizi, wakishikana mezani na kuuguzana. Mwaka 1849 Sims alifaulu kuziba fistula kwa kushona na uzi wa fedha. Miaka michache baadaye alihamia New York, akaanzisha hospitali ya wanawake mwaka 1855, na kwa zaidi ya karne akatajwa kuwa baba wa tiba ya magonjwa ya wanawake. Sanamu yake iliondolewa katika bustani ya Central Park mwezi Aprili 2018. Mwaka 2021 msanii Michelle Browder alisimamisha Montgomery sanamu za Anarcha, Betsey na Lucy.

Upasuaji wenyewe uliwafaa wanawake wa rangi zote. Kilichobaki kama sumu ni ile dhana kwamba mwili wa mweusi huvumilia kile ambacho mwili wa mweupe hauwezi. Dhana hiyo ilifundishwa vyuoni, ikaandikwa vitabuni, na haikuzikwa pamoja na utumwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia uliochapishwa mwaka 2016 uliwahoji wanafunzi weupe wa udaktari na madaktari wanaoanza kazi. Nusu yao walikubali angalau imani moja ya uongo kuhusu miili ya weusi, kwa mfano kwamba ngozi yao ni nene zaidi, na waliokuwa na imani hizo ndio walioyakadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo. Wodini dhana hiyo ina athari inayopimika. Mama akisema anaumwa tumbo baada ya kupasuliwa, mtu wa kwanza kuamua kama kauli yake ina uzito ni muuguzi au daktari aliye zamu.

Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, watu milioni nne walipata uhuru bila kupata hospitali. Madaktari weusi walikuwa wachache mno. Rebecca Lee Crumpler, mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kupata shahada ya udaktari, alihitimu mwaka 1864, na kitabu alichochapisha mwaka 1883 kilihusu hasa afya ya kina mama na watoto. Lakini njia aliyoipita iliendelea kuwa nyembamba. Baada ya ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 kuhusu vyuo vya udaktari, vyuo vitano kati ya saba vilivyowafundisha weusi vilifungwa, vikabaki Howard na Meharry. Kusini yote ya mashambani, mama mweusi alikuwa na mkunga wake, basi.

Wakunga hao walikuwa maelfu, wengi wao bibi waliofanya kazi hiyo pamoja na kilimo na ufuaji, wakilipwa dola chache, kuku, au ahadi. Sheria ya Sheppard-Towner ya mwaka 1921, iliyotoa fedha za serikali kuu kwa afya ya mama na mtoto, iliwaingiza katika utaratibu. Wauguzi wa wilaya waliwaandikisha, wakawafundisha kunawa, kuchemsha mikasi na kuwatia watoto wachanga dawa ya macho, kisha wakawa wanawakagua. Mkunga alitakiwa kuwa na aproni nyeupe na mfuko wenye vitu maalumu: mkasi, nyuzi za kufungia kitovu, dawa ya macho, fomu za kuandikisha vizazi. Mizizi ya dawa ikikutwa mfukoni, kibali kilikuwa hatarini. Wapo waliokuwa na mifuko miwili, wa kumwonyesha mkaguzi na wa kazi.

Namna walivyofanya kazi inaonekana vizuri katika filamu ya mafunzo iliyotolewa mwaka 1953 na George Stoney kwa ajili ya idara ya afya ya Georgia. Anayeonekana ni Mary Coley, mkunga wa Albany, akiwa kazini kweli, na mtoto anazaliwa mbele ya kamera. Maandalizi yanakuja kabla ya uchungu: nyumba inasafishwa, maji yanachemshwa, magazeti ya zamani yanakunjwa kuwa mashuka ya kutandika chini ya mzazi, kwa kuwa karatasi safi ilipatikana pale pasipo na shuka la ziada. Mwaka 2002 filamu hiyo iliwekwa katika hifadhi ya filamu za taifa. Coley anatajwa kuzalisha zaidi ya watoto 3,000.

Madaktari weupe wa miji mikubwa waliwalaumu wakunga kwa vifo vya kina mama, na shutuma hizo ziliisaidia fani mpya ya uzazi kujitafutia wateja. Ushahidi haukuwaunga mkono. Akademia ya Tiba ya New York ilipochunguza vifo vya uzazi vya jiji hilo vya mwaka 1930 hadi 1932, ilikuta kwamba takriban theluthi mbili vingeweza kuzuilika na kwamba makosa mengi yalikuwa ya madaktari wenyewe. Walifanya upasuaji usio wa lazima na kutumia koleo la kuvutia mtoto pasipo sababu. Wakati ripoti hiyo inatoka, mwaka 1933, sheria ya Sheppard-Towner ilikuwa imekwisha muda tangu mwaka 1929, Chama cha Madaktari cha Marekani kikiwa miongoni mwa walioipinga.

Kisha vikaja vitu vilivyobadilisha kila kitu kwa muda mfupi. Dawa za salfa zilianza kutumika nusu ya pili ya miaka ya 1930 na kuivunja nguvu homa ya uzazi, penisilini ikafuata, benki za damu zikaenea, na uzazi ukahamia hospitalini. Vifo vya wanawake weupe vilishuka kutoka 320 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 1940 hadi 61 mwaka 1950. Kwa wasio weupe vilishuka kutoka 774 hadi 222. Mtu akitazama mstari mmoja mmoja ataona ushindi. Akiilinganisha ataona kwamba katika miaka hiyo kumi uwiano ulipanda kutoka mara 2.4 hadi mara 3.6, na huo ndio muongo ulioleta nafuu kubwa kuliko yote katika historia ya uzazi nchini humo.

Sababu haikuwa siri. Dawa na damu zilikuwa hospitalini, na mlango wa hospitali ulikuwa na rangi. Mwaka 1940 zaidi ya nusu ya watoto weupe walizaliwa hospitalini. Kwa wasio weupe ilikuwa robo hivi. Sheria ya Hill-Burton ya mwaka 1946, iliyofadhili ujenzi wa hospitali nchi nzima, iliruhusu fedha za umma zijenge majengo yanayobagua, mradi weusi watengewe sehemu iliyodaiwa kuwa sawa. Kwa vitendo sehemu hiyo mara nyingi ilikuwa vitanda vichache ghorofa ya chini. Mwezi Desemba 1951 gazeti la Life lilichapisha picha za W. Eugene Smith zilizomwonyesha Maude Callen, muuguzi mkunga wa Pineville, South Carolina, akihudumia vijiji vilivyotawanyika katika barabara za matope. Wasomaji walichanga zaidi ya dola 20,000, na kwa fedha hizo Callen akafungua kliniki. Msaada ulikuwa wa kweli. Lakini kwamba zahanati ya wajawazito ilijengwa kwa michango ya wasomaji wa gazeti, katika nchi tajiri kuliko zote duniani, kunaeleza hali ya Kusini kuliko takwimu.

Mlango ulifunguliwa kwa nguvu ya sheria. Mwaka 1963 mahakama ya rufaa iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na daktari wa meno George Simkins na wenzake wa Greensboro, North Carolina, kwamba hospitali zilizojengwa kwa fedha za Hill-Burton haziruhusiwi kubagua. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ikakataza ubaguzi popote penye fedha za serikali kuu, na mwaka 1966 bima ya afya ya wazee, Medicare, ikaanza kulipa. Hospitali iliyotaka fedha hizo ilibidi ichanganye wodi, na nyingi zilifanya hivyo ndani ya miezi michache. Huko Mississippi vifo vya watoto weusi kwa kuharisha na nimonia vilipungua haraka, kwa kuwa sasa mtoto mgonjwa aliweza kulazwa. Ni mfano adimu wa pengo kupungua kwa kasi, na uliletwa na sharti lililofungwa kwenye malipo. Hotuba zilikuwepo tangu zamani.

Kwa kina mama matunda yalikuwa machache, na yalichanganyika na hasara mbili. Ya kwanza ni ya wakunga. Hospitali zilizowapokea wazazi weusi hazikuwa na nafasi kwa wanawake waliokuwa wakiwazalisha, na jimbo baada ya jimbo likaacha kutoa vibali. Alabama iliwafungia mwaka 1976. Margaret Charles Smith wa wilaya ya Greene, aliyezalisha watoto zaidi ya 3,000, alikuwa miongoni mwa wa mwisho kuruhusiwa.

Hasara ya pili iliua imani. Mwaka 1961 Fannie Lou Hamer, mkulima wa Mississippi ambaye baadaye alikuwa sauti kubwa ya haki za kiraia, alilazwa kuondolewa uvimbe na akatoka akiwa ameondolewa kizazi bila kuulizwa. Jambo hilo lilikuwa la kawaida kiasi kwamba watu walikuwa na jina lake la kejeli, wakiliita upasuaji wa kidole tumbo wa Mississippi. North Carolina ilikuwa na bodi maalumu iliyoidhinisha watu kufungwa kizazi, na hadi miaka ya 1970 waliofanyiwa hivyo walifika takriban 7,600. Mwaka 1973, Montgomery kwa mara nyingine, mabinti wawili wa familia ya Relf, wa miaka 12 na 14, walifungwa kizazi baada ya mama yao asiyejua kusoma kutia alama ya X kwenye karatasi. Kesi yao ilizaa kanuni za ridhaa ya mgonjwa katika huduma zinazolipiwa na serikali. Kizazi kilichoyashuhudia hayo ndicho kilichowalea wajawazito wa miaka ya 1980 na 1990, na daktari aliyelalamika kwamba wagonjwa weusi wanachelewa kuja kliniki hakuwa akijua wanachokijua wao.

Kwa muda mrefu maelezo ya kawaida yalikuwa umaskini: weusi ni maskini zaidi, wamesoma kidogo, hawana bima, na ndiyo maana wanakufa zaidi. Mwaka 1992 maelezo hayo yalipata pigo pale utafiti ulipowalinganisha watoto wa wazazi weusi na weupe ambao wote walikuwa na shahada. Watoto wa weusi bado walikufa zaidi, hasa kwa kuzaliwa njiti. Wengine wakatafuta jibu katika damu na asili. Hilo nalo lilijibiwa mwaka 1997 na Richard David na James Collins wa Chicago, na jibu lao linawagusa Waafrika moja kwa moja. Walipima uzito wa watoto waliozaliwa Illinois na makundi matatu ya wanawake: weupe wa Marekani, weusi wa Marekani, na weusi waliozaliwa Afrika wakahamia huko. Watoto wa Waafrika walikaribiana zaidi na watoto wa weupe. Kama tatizo lingekuwa katika chembe za urithi, hao ndio wangekuwa na hali mbaya kuliko wote. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba faida hiyo haikudumu, kwani mabinti wa wahamiaji, waliokulia Marekani, nao walianza kujifungua watoto wadogo zaidi. Mtafiti Arline Geronimus alikuwa ameshapendekeza, mwaka 1992, kwamba mkazo wa kuishi chini ya ubaguzi huuchakaza mwili kabla ya wakati, hivyo mwanamke mweusi wa miaka 30 huingia leba na moyo na mishipa ya mtu mzima zaidi.

Takwimu za vifo vya uzazi zenyewe nazo zilikuja kuvurugika. Mwaka 2003 fomu ya cheti cha kifo iliongezwa kisanduku cha kuonyesha kama marehemu alikuwa mjamzito, lakini majimbo yaliianza fomu hiyo kila moja kwa wakati wake, na wajazaji wakakosea mno. Wapo bibi wa zaidi ya miaka 85 walioandikwa kuwa wajawazito. Kwa zaidi ya miaka kumi serikali haikutoa kiwango rasmi cha taifa, hadi Januari 2020. Baadhi ya wataalamu wanaona ongezeko la vifo lililotangazwa miaka hiyo lilitokana zaidi na kisanduku hicho kuliko na vifo vyenyewe. Hata kwa hesabu yao pengo la rangi halifutiki.

Ripoti iliyotikisa zaidi ilitoka mwaka 2019 katika CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa. Kati ya mwaka 2007 na 2016, wanawake weusi walifariki kwa kiwango cha 40.8 kwa kila vizazi hai 100,000, na weupe 12.7. Kwa wenye shahada pengo lilikuwa kubwa zaidi, mara 5.2. Mwanamke mweusi mwenye shahada alikuwa hatarini kuliko mweupe ambaye hakumaliza sekondari.

Kulikuwa na watu nyuma ya namba hizo. Shalon Irving alikuwa mtafiti wa CDC yenyewe, msomi aliyeshughulikia tofauti za afya baina ya makundi ya watu. Alifariki Januari 2017, akiwa na miaka 36, wiki tatu baada ya kujifungua, ingawa alikwenda kwa wahudumu mara kadhaa akilalamika hali yake. Mcheza tenisi Serena Williams alijifungua Septemba mwaka huo huo. Alipohisi kukosa pumzi, yeye mwenye historia ya kuganda damu, aliomba apigwe picha ya mapafu na apewe dawa ya kuzuia damu isigande, na muuguzi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya. Picha ilipopigwa hatimaye, mabonge ya damu yalionekana mapafuni. Mwaka 2023 mwanariadha Tori Bowie alikutwa amekufa nyumbani kwake akiwa na mimba ya miezi minane, na kifafa cha mimba kikatajwa kuwa huenda kilichangia. Katika kikosi cha wanawake wanne, yeye akiwemo, kilichotwaa dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti katika Olimpiki ya Rio 2016, wengine wawili, Allyson Felix na Tianna Madison, walikuwa wamepita karibu na kifo wakati wa uzazi.

Juhudi zilizozaa matunda zilianza kwa kuuliza swali tofauti, yaani wodi inafanya nini, badala ya mama ana kasoro gani. California ilianzisha mwaka 2006 ushirika wa hospitali na Chuo Kikuu cha Stanford wa kuboresha huduma za uzazi. Wataalamu walisoma mafaili ya waliofariki na kukuta kwamba katika kutokwa damu, wahudumu walikadiria damu kwa macho, na macho hudanganya. Mwongozo uliotolewa mwaka 2010 ulibadilisha hilo. Pedi na vitambaa vilivyolowa huwekwa kwenye mizani, uzito wa vikiwa vikavu hutolewa, na kila gramu huhesabiwa mililita moja. Kiasi fulani kikifika, hatua inayofuata haisubiri mtu apate wasiwasi. Toroli lenye dawa za kukaza mji wa mimba, mpira wa kuzuia damu na vifaa vya kushonea liko tayari, na benki ya damu hupigiwa simu. Vifo vya uzazi California vilipungua kwa zaidi ya nusu kati ya mwaka 2006 na 2013. Ilipopimwa baadaye kwa rangi, ilionekana kwamba katika hospitali zilizofuata mpango wa damu wanawake weusi ndio walionufaika zaidi. Mizani haina dhana kuhusu ngozi ya mtu, na utaratibu unaoanza wenyewe haumlazimu mgonjwa kubishana ili aaminiwe.

Jambo la pili lililogunduliwa ni mahali. Mtafiti Elizabeth Howell na wenzake walionyesha kwamba New York wanawake weusi walijifungulia zaidi katika hospitali zenye matokeo mabaya kwa kila mgonjwa, na kwamba karibu nusu ya tofauti ya matatizo makubwa ya uzazi jijini ilielezwa na hospitali. Ubaguzi wa wodi ulikuwa umefutwa kisheria, lakini makazi, bima na rufaa viliendelea kuwagawa wazazi.

La tatu lilikuwa ndani ya hesabu za kitabibu. Tangu mwaka 2007 madaktari walitumia kikokotoo cha kukadiria kama mama aliyewahi kupasuliwa ataweza kujifungua kawaida, na ndani yake kuwa mweusi au Mlatino kulipunguza alama, hivyo wengi wakapelekwa tena kwenye kisu. Toleo la mwaka 2021 liliondoa rangi.

Bungeni, sheria ya Desemba 2018 ilitoa fedha kwa kamati za majimbo zinazochunguza kila kifo cha uzazi, majina yakiwa yamefutwa. Kamati hizo ziliona kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo vingeweza kuzuilika, na kwamba zaidi ya nusu hutokea kati ya wiki moja na mwaka mmoja baada ya kujifungua. Ugunduzi huo wa pili ulikuwa na maana kubwa kwa sababu Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo inayolipia takriban vizazi vinne kati ya kumi nchini, ilimwacha mama siku 60 baada ya kujifungua. Wabunge Lauren Underwood na Alma Adams waliunda mwaka 2019 kundi la wabunge la afya ya mama mweusi, na mwaka 2021 majimbo yakaruhusiwa kurefusha bima hiyo hadi miezi 12. Karibu majimbo yote yamefanya hivyo. Miswada mingine mingi ya kundi hilo haijapita.

Pengo hilo halipo Marekani peke yake. Uingereza imechunguza vifo vya uzazi bila kukatiza tangu mwaka 1952, na wakazi wake hawalipii kujifungua, lakini ripoti yake ya mwaka 2018 ilikuta wanawake weusi wakifariki mara tano zaidi ya weupe. Kwa miaka ya 2020 hadi 2022 ilikuwa karibu mara tatu. Kwa hiyo kukosa fedha peke yake hakutoshi kuwa maelezo.

Huko Marekani janga la UVIKO-19 lilipandisha vifo vya weusi mwaka 2021 hadi 69.9, na vya weupe 26.6. Mwaka 2022 vilikuwa 49.5 na 19.0. Mwaka 2023 vya weupe vilishuka tena hadi 14.5, vya weusi vikabaki 50.3, na uwiano ukapanda kutoka 2.6 hadi karibu 3.5.

Wakati huo huo wodi za wazazi zinafungwa. Kufikia mwaka 2022 zaidi ya nusu ya hospitali za vijijini hazikuwa na huduma ya kujifungua, na uchunguzi wa awali ulionyesha wilaya zenye weusi wengi zikipoteza wodi zaidi. Hilo limewarudisha wakunga. Jennie Joseph, mkunga aliyesomea Uingereza, amekuwa akiendesha Florida kliniki isiyomfukuza mjamzito kwa kukosa bima. Baadhi ya majimbo, Oregon na Minnesota yakitangulia, hulipa kwa Medicaid wasaidizi wanaokaa na mama katika uchungu. Alabama ilihalalisha mwaka 2017 wakunga wa kuzalisha nje ya hospitali. Mwaka 2023 wahudumu wa vituo vya kujifungulia waliishtaki idara ya afya ya jimbo hilo kwa kuwanyima leseni, na mahakama ikaamuru vituo viruhusiwe kufanya kazi wakati kesi ikiendelea.